Chianti Classico au Barolo: Chaguo Linaloanzia Kwenye Sahani

Mnunuzi anayetafuta chupa moja nzuri ya mvinyo mwekundu wa Italia, na ambaye yuko tayari kupanda kidogo juu ya zile za bei ya chini kabisa, mara nyingi huishia kati ya majina mawili: Chianti Classico wa Toscana na Barolo wa Piemonte. Yote mawili yamo katika daraja la juu la sheria ya mvinyo ya Italia, lile la herufi DOCG zinazosomeka kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa shingoni mwa chupa, na yote mawili hutegemea zabibu za kienyeji ambazo zikipandwa ng'ambo mara chache hutoa mvinyo unaofanana na wa nyumbani. Baada ya hapo njia zinaachana. Chianti Classico umezoea meza yenye vyakula vingi kwa pamoja, ilhali Barolo huchagua chakula chake na hugombana na kile usiopatana nacho. Kwa hiyo anayenunua kwa kufuata bei peke yake, akidhani kwamba chupa iliyo ghali zaidi itafaa zaidi kwa mlo wowote, anaweza kulipa mara mbili au tatu na kuinuka mezani akiwa na kinywa kikavu.

Msimamo wa makala haya usifichwe. Kwa milo mingi ya nyumbani, hasa yenye nyanya, maharage au nyama ya kuchoma, Chianti Classico wa daraja la kawaida ndio wa kununua. Barolo ununuliwe pale tu penye nyama iliyoiva polepole kwa saa kadhaa, mafuta ya kutosha, na watu wasio na haraka ya kuondoka.

Vilima viwili, zabibu mbili

Chianti Classico hutoka katika vilima vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena. Mwaka 1716 Cosimo III de' Medici, aliyekuwa mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyochora mipaka ya maeneo manne ambayo mvinyo wake ungeuzwa kwa jina la mahali ulikotoka, na Chianti lilikuwa mojawapo. Ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa duniani ya sheria ya kulinda jina la mvinyo. Kadiri jina lilivyopendwa ndivyo lilivyoazimwa na mashamba ya mbali zaidi, hata wakulima wa vilima vya asili wakaunda umoja wao mwaka 1924 na kumchukua jogoo mweusi kuwa alama yao. Husimuliwa kwamba zamani Firenze na Siena, zikiwa zimechoshwa na ugomvi wa mipaka, zilikubaliana kila mji utoe mpanda farasi mmoja atakayeondoka jogoo anapowika, na mpaka uwekwe pale wapanda farasi hao watakapokutana. Watu wa Siena walimshibisha jogoo wao mweupe, naye akalala usingizi mnono. Wale wa Firenze walimnyima chakula jogoo wao mweusi, naye kwa njaa akawika usiku wa manane, na mpanda farasi wao akafika karibu na malango ya Siena kabla ya kukutana na mwenzake. Hadithi hiyo ni ya kusimulia tu, lakini jogoo yuko kwenye kila chupa, na mnunuzi amtafute, kwa kuwa chupa iliyoandikwa Chianti pasipo neno Classico hutoka katika eneo kubwa zaidi, kwa masharti mepesi zaidi, na ubora wake hupanda na kushuka mno kutoka mzalishaji mmoja hadi mwingine.

Zabibu ya huko ni Sangiovese. Sheria inadai iwe angalau asilimia 80 ya mvinyo, na sehemu iliyobaki ijazwe na zabibu nyingine nyekundu, ama za kienyeji kama Canaiolo na Colorino, ama za kigeni kama Merlot na Cabernet Sauvignon. Kwa muda mrefu ziliruhusiwa pia zabibu nyeupe, kwa kufuata mapendekezo ambayo Bettino Ricasoli, mwenye mashamba huko Chianti, aliyaandika mwaka 1872, ingawa yeye mwenyewe alizikusudia kwa mvinyo wa kunywewa ungali mchanga tu. Wazalishaji wengi walizitumia kupita kiasi, mvinyo ukawa mwepesi na mkali, na jina la Chianti likabaki likifahamika zaidi kwa chupa zake za tumbo pana zilizosukiwa ukindu kuliko kwa ladha yake. Zabibu hizo nyeupe zimepigwa marufuku katika Chianti Classico tangu mavuno ya 2006, na mtu aliyeonja Chianti miaka ya zamani akaukataa ana sababu nzuri ya kuujaribu tena.

Barolo nao hutoka katika vilima vya Langhe, kusini-magharibi mwa mji wa Alba, ndani ya mipaka ya wilaya ndogo 11, na hutengenezwa kwa zabibu moja tu, Nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine yoyote. Nebbiolo ni zabibu ya kumtesa mkulima: huchipua mapema, hivyo baridi ya mwanzo wa masika ya Ulaya inaweza kuiunguza, na huiva baada ya wenzake wote, mara nyingi mwezi Oktoba, ukungu ukiwa umekwisha kutanda mabondeni na mvua ikitishia kila siku. Mkulima wa Dodoma, ambaye mizabibu yake huweza kumpa mavuno mawili kwa mwaka, atafahamu haraka maana ya kuwa na nafasi moja tu, tena iliyo mwishoni mwa msimu. Ndiyo maana mizabibu hiyo hupewa miteremko mizuri inayotazama jua, na mabonde na pande zenye kivuli huachiwa zabibu nyingine au miti ya njugu za hazelnuti.

Udongo nao una neno lake. Upande wa La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, mvinyo huwa na harufu ya wazi na hulainika mapema. Upande wa Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, ambako udongo ni mgumu na wa kale zaidi, mvinyo huwa mzito wa tanini, yaani ule ukakasi wa zabibu unaokausha kinywa, na huhitaji miaka mingi zaidi. Mnunuzi anayetaka kuinywa chupa yake mwaka huu huu atafute jina la La Morra kwenye lebo.

Muda uliomo ndani ya bei

Chianti Classico wa kawaida, unaoitwa Annata, hutakiwa kukomazwa kwa miezi 12 kabla ya kuuzwa. Riserva miezi 24. Na Gran Selezione, daraja lililoanzishwa mwaka 2014, miezi 30. Barolo hutakiwa kukaa miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao. Barolo Riserva hukaa miezi 62. Kwa hesabu hiyo, Barolo wa zabibu zilizovunwa 2020 haukuruhusiwa kufika dukani kabla ya Januari 2024, na muda wote huo mzalishaji alikuwa amefungia mtaji wake ghalani, katika eneo dogo ambalo bei ya shamba imepanda sana. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei imo humo. Hailipii ladha iliyo bora mara tatu, kwa kuwa kitu hicho hakipo.

Juu ya mapipa kuna kisa ambacho watu wa Langhe hawajakisahau. Katika miaka ya 1980 Elio Altare, mzalishaji kijana wa La Morra aliyekuwa amevutiwa na mbinu za Ufaransa, alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya zamani ya baba yake ili aweke madogo ya mwaloni mpya. Baba akamnyima urithi. Kwa miaka mingi baadaye wazalishaji waligawanyika pande mbili, wale wa mapipa makubwa ya kale ambayo hayaachi harufu ya mbao, na wale wa mapipa madogo mapya ambayo huupa mvinyo harufu ya vanila na mkate uliobanikwa. Leo wengi wamekutana katikati. Hata hivyo, kwa anayenunua kwa ajili ya chakula, mvinyo wa pipa kubwa ni salama zaidi katika maeneo yote mawili, kwa sababu harufu nzito ya mbao mpya haisaidii mchuzi wowote ninaoufahamu.

Kuonja glasi mbili kwa pamoja

Njia ya haraka ya kuelewa tofauti ni kuimimina yote miwili katika glasi mbili zinazofanana, kiasi cha robo glasi kila moja, na kuinamisha kila glasi juu ya karatasi nyeupe. Chianti Classico mchanga utaonyesha wekundu wa rubi ulio wazi na unaong'aa. Barolo utashangaza kwa kuwa mpauka zaidi: vidole vilivyoshika upande wa pili wa glasi vinaweza kuonekana kupitia mvinyo, na ukingoni rangi inaelekea kwenye matofali, hata kama mvinyo haujafikisha miaka mingi. Wengi wakiona hivyo huhukumu kwamba Barolo ndio mwepesi, na hapo rangi imekwisha kuwadanganya.

Glasi izungushwe kidogo, kisha inuswe mara mbili kwa pumzi fupi. Chianti Classico hunukia cheri chachu, majani makavu ya viungo, na mara nyingine kitu kinachokaribia jani la mnyanya lililosuguliwa kwa vidole. Ukiwa na umri kidogo huongezeka harufu ya ngozi na tumbaku. Barolo hunukia waridi lililokauka, cheri kavu, na lami. Harufu ya lami si kasoro. Waridi na lami zikiwa pamoja ndiyo saini ya Nebbiolo, na kadiri mvinyo unavyozeeka huingia uyoga, majani yaliyolowa na viungo vitamu. Iwapo chupa yoyote kati ya hizo mbili itanuka boksi la karatasi lililoloa maji, kizibo kimeuharibu mvinyo, nao urudishwe dukani bila aibu. Hakuna chakula kitakachouponya.

Mdomoni ndipo hukumu ilipo. Mivinyo yote miwili ina uchachu wa juu, na ushahidi wake ni mate yanayojaa pembeni mwa ulimi mara tu baada ya kumeza. Tofauti kubwa iko kwenye tanini, yaani zile chembechembe za maganda na mbegu za zabibu ambazo hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi wake, hata fizi na upande wa ndani wa mashavu vikahisi ukakasi kama wa bibo lililong'atwa kabla ya kuiva. Katika Chianti Classico ukakasi huo upo lakini ni wa wastani, na huisha baada ya muda mfupi. Katika Barolo wenye miaka mitano au sita huja kwa nguvu baada ya kumeza, hukaa, na ukinywewa bila chakula huongezeka kwa kila funda, kwa kuwa mate hayapati nafasi ya kujirudisha. Kileo nacho hutofautiana kidogo: sheria inadai angalau asilimia 12 kwa Chianti Classico Annata na 13 kwa Barolo, lakini kwa hali ya hewa ya miaka hii chupa nyingi za Chianti Classico husoma kati ya 13 na 14.5, na za Barolo mara nyingi 14 au zaidi.

Kwa kuonja huko peke yake, bila chakula, mtu anaweza kuamua kwamba Barolo una harufu nzuri zaidi na kwamba Chianti Classico unanyweka kwa urahisi zaidi, na kwa maoni yangu atakuwa sahihi katika yote mawili. Lakini hakuna hata mmoja kati ya mivinyo hii uliotengenezwa kwa kunywewa peke yake.

Mezani

Mambo machache ya kikemia hutawala karibu kila kitu hapa. Chakula chenye uchachu, kama nyanya au limau, hufanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane bapa, hivyo hudai mvinyo wenye uchachu wa kutosha. Protini na mafuta ya nyama huipa tanini kitu kingine cha kushikana nacho, na mate yakabaki salama. Chumvi husaidia kuulainisha ukakasi huo. Sukari katika chakula hufanya kinyume, hukausha tunda la mvinyo, yaani ladha yake ya matunda, na kuuacha ukiwa mchungu na mkali. Pilipili nayo hushirikiana na kileo kuongeza moto, na tanini hukwaruza mahali palipokwisha kuungua. Mwenye kuyakumbuka hayo matano anaweza kujipangia mlo wowote.

Chianti Classico ulikua pamoja na chakula cha Toscana, ambacho kwa sehemu kubwa ni chakula cha wakulima. Kuna pappa al pomodoro, uji mzito wa nyanya na mkate mkavu. Kuna ribollita, supu ya maharage meupe, sukuma wiki nyeusi na mkate, inayochemshwa, ikalazwa, kisha ikachemshwa tena kesho yake. Kuna maini ya kuku yaliyosagwa na kupakwa kwenye mkate uliobanikwa. Kuna jibini la kondoo la pecorino. Na kwa siku kuu kuna bistecca alla fiorentina, kipande cha ng'ombe chenye mfupa, kinene kama vidole vitatu, kinachochomwa juu ya mkaa mkali kwa dakika chache na kuletwa kikiwa chekundu ndani, pamoja na chumvi, mafuta ya zeituni na pengine limau. Katika orodha hiyo yote uchachu wa Sangiovese una kazi: unakabiliana na nyanya, unakata mafuta ya nyama, unaamsha maharage. Tanini zake za wastani zinatosha kwa nyama ya kuchoma bila kuikomoa supu.

Chakula cha Piemonte ni cha siagi, mayai, nyama na muda mrefu jikoni. Mlo unaohusishwa zaidi na Barolo ni brasato, kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kinacholowekwa kwenye mvinyo pamoja na karoti, vitunguu na viungo, kisha kuiva taratibu kwa moto mdogo hadi kikatike kwa kijiko. Kuna pia agnolotti del plin, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi uliobaki sufuriani, na tajarin, tambi nyembamba za viini vingi vya mayai, ambazo katika majira ya uyoga mweupe wa Alba uitwao tartufo hupakwa siagi tu na kukwanguliwa uyoga huo juu yake. Mbele ya sahani hiyo ya mwisho, Barolo uliofikisha miaka kumi na mitano au ishirini, ambao tanini zake zimekwisha kulala na harufu yake mwenyewe imegeukia uyoga, ni jambo ambalo Chianti Classico hauwezi kulifanya. Hapo bei ina haki yake.

Lakini Barolo huohuo ukiwekwa mbele ya tambi za mchuzi wa nyanya, ladha hugongana: nyanya huondoa tunda lote, tanini zikabaki zimesimama peke yake, na mlaji akahisi kama ametafuna ganda. Wenyeji wa Langhe wanalijua hilo, na meza zao za kila siku huwa na Barbera au Dolcetto, mivinyo miwili ya jirani isiyo na makali hayo, Barolo ukisubiri Jumapili na wageni.

Kwa msomaji anayepika chakula cha Afrika Mashariki, mantiki hiyohiyo inatumika bila kubadilishwa. Nyama choma ya mbuzi na kachumbari ni mahali pa Chianti Classico: kuna moshi, mafuta na chumvi kwa ajili ya tanini, na kuna nyanya, kitunguu na ndimu kwa ajili ya uchachu, mradi pilipili iwekwe pembeni ili kila mtu ajichukulie. Maharage yaliyoungwa kwa nyanya pamoja na sukuma wiki yako karibu sana na ribollita kiasi kwamba mvinyo hauoni tofauti. Pilau ya ng'ombe, yenye mdalasini na iliki lakini bila ukali, hupendelea Chianti Classico Riserva, ambao una mwili zaidi, yaani uzito mdomoni, na viungo kidogo vya pipa. Biriani ni ngumu zaidi, kwa sababu ya utamu wa vitunguu vilivyokaangwa. Hapo heri Annata mchanga wenye tunda la kutosha, au kuacha mvinyo mwekundu kabisa.

Barolo nao una mahali pake katika jiko hilo, ingawa ni pachache. Cha kwanza ni mkia wa ng'ombe uliochemshwa nusu siku mpaka nyama ikaachia mfupa na mchuzi ukanatanata vidoleni. Utelezi ule ndio unaotakiwa na tanini za Nebbiolo, na ninaithamini sahani hiyo kuliko brasato nyingi zinazouzwa hotelini kwa bei ya ajabu. Mchuzi usizidishwe nyanya. Kitunguu, kitunguu saumu, pilipili manga na jani la mrehani vinatosha. Kongoro lililoiva vizuri hufuata karibu. Mchicha na majani mengine yenye uchungu yasikae kwenye sahani moja na Barolo mchanga, kwa kuwa uchungu huongezeana.

Samaki wa kupaka, ngisi na pweza wa nazi wasiletewe mvinyo wowote kati ya hii. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mivinyo myekundu ndiyo yanayozusha ile ladha mbaya ya shombo inayobaki mdomoni baada ya kula vyakula vya baharini, na tui la nazi, kwa utamu wake, halisaidii.

Chupa ya kuchukua dukani

Anayenunua Chianti Classico kwa mara ya kwanza achukue Annata, si Riserva wala Gran Selezione. Annata ndio unaoonyesha Sangiovese ilivyo, na ndio ulio bora kwa fedha zake. Riserva una nafasi yake kwa nyama. Juu ya Gran Selezione nina shaka: bei yake hukaribia ya Barolo, mingi huwa na mbao nyingi kuliko inavyohitajiwa na chakula, na anayefikia bei hiyo akiwa na mlo unaofaa heri avuke mpaka kabisa aende Langhe.

Kwa upande wa Barolo, onyo ni kinyume chake: chupa ya bei ya chini kuliko zote ndiyo ya kuepukwa. Mara nyingi huwa na ukakasi wote wa Barolo bila harufu yake, na mnunuzi huwa amelipia jina tu. Kwa fedha hizohizo, au pungufu, Langhe Nebbiolo wa mzalishaji anayeaminika humpa zabibu ileile, mara nyingi kutoka mashamba ya jirani au mizabibu michanga ya shamba lilelile, bila sharti la miaka mitatu na zaidi ya kungoja, na unaweza kufunguliwa jioni hiyohiyo. Barbaresco, jirani wa ng'ambo ya Alba, hutoka kwa Nebbiolo tupu pia na hukomazwa miezi 26 tu, hivyo kwa kawaida hulainika mapema kidogo. Ni daraja zuri la kati.

Mwaka wa mavuno una uzito zaidi kwa Barolo kuliko kwa Chianti Classico, ingawa 2016 unasifiwa katika maeneo yote mawili kwa mizani ya uchachu na tanini. Mwaka 2014 ulikuwa wa mvua na mivinyo yake ni myembamba. Mwaka 2017 ulikuwa wa joto na ukame, na Barolo wake hunyweka mapema kuliko kawaida, jambo ambalo kwa asiye na mahali pa kuhifadhi chupa linaweza kuwa faida. Kuhifadhi ni swali la kweli kwa wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat: chupa inayokaa mwaka mzima katika kabati lenye nyuzi 28 au 30 haizeeki, inapikwa. Asiye na jokofu la mvinyo asinunue Barolo mchanga kwa nia ya kuusubiri.

Joto hilo linahusu pia siku ya kunywa. Chianti Classico hupendeza kwenye nyuzi kati ya 16 na 18, Barolo kwenye 18 hivi, na katika pwani zetu maana yake ni kwamba chupa zote mbili ziingie kwenye friji nusu saa au zaidi kabla ya mlo. Mvinyo ulio moto hunuka kileo na tunda hupotea. Annata hufunguliwa na kumiminwa papo hapo. Barolo wenye umri chini ya miaka kumi umiminwe kwenye jagi la kioo saa mbili au tatu kabla, upate hewa, huku ukilindwa na joto. Wenye umri mkubwa zaidi usimamishwe tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha umiminwe polepole na kuachwa pale yanapoanza kuonekana shingoni.

Na iwapo mwenyeji amejaliwa kuwa na chupa zote mbili jioni moja, Chianti Classico utangulie, pamoja na mkate wa maini ya kuku au tambi za nyanya, na Barolo uingie na sufuria ya nyama, ukamalizikie kwenye kipande cha jibini gumu la zamani. Kurudi nyuma hakufai, kwa sababu baada ya Barolo uchachu wa Sangiovese huonekana mkali kuliko ulivyo. Kitakachobaki kizibwe na kuwekwa kwenye friji. Chianti Classico utakuwa mzuri kwa siku mbili, tatu, na ukichoka una kazi kwenye mchuzi wa nyama. Barolo mchanga huenda ukawa mtamu zaidi kesho yake kuliko ulivyokuwa usiku wa wageni, kwa hiyo aliyenunua afanye hila abakize glasi moja.